Mla Mayai wa Chumba cha Baiolojia

Saa tisa alasiri, katikati ya Januari 2012, kipimo cha unyevu katika chumba cha baiolojia kilisoma asilimia thelathini na mbili. Kipkirui alikitazama mara mbili, kama alivyozoea kazini. Chumba kile kilipakana na jiko la shule, na ukuta wa katikati ulishinda ukiwa moto tangu uji wa asubuhi hadi githeri ya jioni. Ukiongeza kiangazi, hewa yake ilikuwa kavu kuliko hata ya nje. Hapakuwa na kosa lolote.

Nyumbani alimwambia mkewe, "Sitini na tano."

Selpha aliacha kusonga ugali. "Yote hiyo? Na vile midomo inanipasuka nikiwa huko?"

"Mimi napima hewa, Mama Marvin. Midomo ni kazi ya daktari."

Alikuwa mpimaji wa hali ya hewa katika uwanja wa ndege, kule Kapseret, na marubani walitua wakitegemea takwimu zake. Hakuwahi kubadilisha tarakimu hata moja. Hii ilikuwa ya kwanza, na aliibadilisha kwa sababu ya Githinji.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Selpha, mwalimu wa baiolojia shuleni hapo, alikuwa na kibali cha kufuga nyoka mmoja asiye na sumu kwa ajili ya masomo. Wa kwanza alikuwa amekufa kwa uzee. Sasa alitaka mwingine mwembamba, mpandaji, ili wanafunzi wamwone akipita matawini, na awe wa kufaa hewa ya chumba kile; ndiyo maana alimwomba mumewe aipime. Githinji, aliyewahi kufundisha naye na ambaye sasa alitunza nyoka wa maonyesho Nakuru, alikuwa nao wawili, achague mmoja. Mmoja alikuwa mla mayai, nyoka wa rangi ya vumbi anayepanda hadi kwenye viota vya ndege, asiyesumbuliwa na hewa kavu lakini hudhurika kwa unyevu mwingi. Wa pili alikuwa wa kijani, wa vichakani, mwembamba zaidi na mpandaji hodari zaidi, lakini akikosa unyevu hushindwa kujivua gamba, likambana mkiani na machoni. Githinji alipendekeza mla mayai. Hilo lilitosha kumfanya Kipkirui amtake wa kijani.

"Kwa sitini na tano, wa kijani ataishi," alisema. "Tena ni mrembo. Huyo mwingine anakaa kama mshipi uliotupwa."

"Lakini Mwalimu Githinji anasema..."

"Mwalimu Githinji yuko Nakuru. Amepima hewa ya hapa na simu?"

Selpha alicheka kidogo. Hicho hakikuwa kicheko alichokitoa akiwa kwenye simu na Nakuru. Tofauti Kipkirui aliijua, kwa kuwa alikuwa amekisikiliza kile kingine kwa wiki nyingi kutoka sebuleni, mlango wa jikoni ukiwa wazi nusu: "Wewe Mwalimu, wacha hizo!"

Kulikuwa na siku ambazo hakuwa na kipimo cha yaliyotokea nyumbani. Matokeo ya uchaguzi wa 2007 yalipotangazwa, yeye alikuwa kwenye zamu. Barabara ya Kapseret ilizibwa kwa mawe na magogo, moshi ukapanda pande zote za mji, naye akalala kituoni mpaka lori la polisi lilipompa nafasi. Alimkuta Selpha mzima, nyumba nzima, na mtoto wao Marvin salama kwa nyanya yake kule Moiben. Alikuta pia kasha la nyoka chumbani mwao. Selpha alimwambia kwamba Githinji, Mkikuyu aliyekuwa akiwindwa, alijificha pale siku kadhaa, kisha askari wakampeleka kambi ya wakimbizi katika uwanja wa maonyesho, akaacha nyoka wake, mla mayai. Alisema hayo tu. Kipkirui hakuuliza zaidi. Aliogopa jibu ambalo asingeweza kulihakikisha. Badala yake alizijaza siku zile mwenyewe, na kila alipozijaza ziliharibika zaidi.

Kesho yake jioni walikwenda pamoja shuleni kuandaa tangi la kioo. Selpha alipima urefu wa matawi makavu kwa mkono, akiimba chini kwa chini. Wimbo ule ndio uliomshinda mumewe.

"Selpha. Unataka nyoka, ama unataka mwenye nyoka?"

Selpha aliweka tawi chini.

"Miaka minne nimengoja uulize. Sasa uliza vizuri."

"Alilala wapi?"

"Chini ya kitanda chako."

Kipkirui alivuta kiti akaketi.

"Vijana walikuja mchana na mapanga. Walisikia kuna Mkikuyu hapa. Mwalimu akaingia chini ya kitanda. Mimi nikatoa nyoka kwa kasha, nikamweka juu ya blanketi, nikamwaga maziwa hapo sakafuni. Si mama yako alinifundisha? Ati nyoka akipanda kitanda cha mama wa nyumba, huyo ni mzee wa boma aliyekufa, amekuja kutembea. Haguswi. Anapewa maziwa."

"Wewe, Mluhya, ukafanya hiyo?"

"Kwani nimeolewa wapi? Wakafungua mlango. Nyoka akajikunja, magamba yakasuguana yakalia kama mafuta kwa sufuria. Mmoja akainua panga. Mkubwa wao akamshika mkono: 'Wewe, unataka kukata babu ya mtu?' Wakarudi kinyumenyume wote. Mwingine akaniuliza kama maziwa inatosha!"

Kipkirui aliyapima maneno hayo. Mila ilikuwa ya kweli. Mla mayai akitishwa hutoa mlio huo. Vijana wa mtaa wao wangemjua mama yake. Kila kitu kilishikana, na wivu ulipaswa kuisha hapo. Haukuisha. Ulihama tu. Mila ya kwao ilikuwa imefanyika juu ya kitanda chake, yeye akiwa Kapseret akiandika kasi ya upepo, na mwanamume aliyeisikia tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa mwingine.

"Ndiyo maana nampenda mla mayai," Selpha alisema. "Lakini kama hewa haimfai, nitachukua wa kijani. Siwezi kutesa mnyama kwa sababu ya roho yangu."

Alipiga simu Nakuru, akaiweka spika.

"Sitini na tano?" Githinji alishangaa. "Hicho chumba? Mama Marvin, hebu mzee asome tena. Si kwamba namshuku, huyo hakosei. Itakuwa kipimo ndicho kimeharibika."

Kipkirui alikichukua kipimo mezani. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Alihitaji kusema ndiyo tu. Lakini aliyemfungulia mlango huo alikuwa Githinji.

"Kipimo ni kizima," alisema kwa sauti ya kufika kwenye simu. "Hata jana kilikuwa kizima. Kilisoma thelathini na mbili."

Selpha alimgeukia.

"Uliniambia sitini na tano," Selpha alisema.

"Nilikuambia."

Selpha alikitoa kipimo mkononi mwake, akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akakisoma mwenyewe.

"Leo ni thelathini," alimwambia Githinji. "Lete mla mayai."