Shati la Alhamisi

Alhamisi asubuhi, kabla tajiri hajafungua mlango wa mbele wa duka, dobi aliingia kwa mlango wa nyuma, akamimina maji ya moto kwenye beseni, akatoa shati la mwanawe mfukoni na kulikagua dirishani. Kola ilikuwa na jasho. Kiwiko cha kulia kilikuwa na vumbi la saruji. Mgongoni, upande wa kushoto, palikuwa na unyevunyevu, maana mwanawe tangu utotoni alilalia ubavu wa kushoto. Shati hilo lilikuwa na miaka sita bila kuvaliwa. Wiki nzima lilikuwa limening'inia kwenye henga ya waya nyuma ya mlango wa chumba chake, na lilikuwa limechafuka kama linavyochafuka kila wiki.

Alilifua kwa mkono, akalisuuza mara mbili, akalianika uani. Saa sita alilipiga pasi kwa zamu yake kati ya suruali za wateja.

Tajiri alikuwa na neno moja tu juu ya jambo hilo, na alilisema mwaka wa kwanza. “Shati ni lako, jasho ni la mwanao, lakini sabuni ni ya duka.” Tangu hapo dobi alikuja na kipande chake cha sabuni, na maneno yakaisha.

Mwanawe alikuwa mpakizi wa mizigo ghalani, kijana wa miaka ishirini, aliyeandika barua kwa niaba ya wenzake kulalamikia paa lililokuwa likiwaangukia. Siku ya tatu baada ya barua, wanaume wawili wenye viatu safi walikuja kumchukua nyumbani. Walimsalimia mama yake kwa heshima. “Tuna maswali mawili tu, mama,” walimwambia. “Kabla ya chakula cha mchana atakuwa amerudi.” Maswali hayo mawili sasa yalikuwa yamechukua miaka sita, na dobi alikisia kuwa lazima yalikuwa magumu.

Mwezi wa tatu tangu achukuliwe, dobi akiwa anapiga pasi suruali ya mtu asiyemjua, huku akiomba kimoyomoyo kama kawaida yake, aliambiwa: “Atarudi. Weka tayari.” Sauti haikuwa na kishindo. Ilikuwa kama ya mtu anayesema maji yamechemka. Dobi aliuliza, “Lini?” Hakujibiwa, wala hakuuliza tena, kwa sababu mkubwa haulizwi mara mbili. Aliweka pasi wima, akamshukuru, akaendelea na mguu wa pili wa suruali.

Basi akaweka tayari. Kitanda cha kijana kilitandikwa kila asubuhi. Kikombe chake kilioshwa hata kama hakuna aliyekinywea. Mlango haukutiwa komeo la juu, maana kijana hakuwa na ufunguo wa komeo hilo. Na shati, lile alilokuwa ameliacha siku anaondoka, lilipoanza kuchafuka lenyewe, dobi hakuliuliza kitu. Alilifua.

Watu wengine husoma barua. Dobi husoma uchafu. Mwaka wa kwanza alijua kuwa mwanawe alikuwa akibebeshwa matofali. Mwaka wa pili alijua kuwa alikuwa akila maharage, na kwamba aliyekaa karibu naye alikuwa na mikono inayotetemeka. Mwaka wa nne lilikuja na damu kidogo kwenye mkono, pale mtu anapofutia pua, na wiki hiyo dobi alifunga siku tatu.

Mdogo wake, mpishi wa shule aliyekaa chumba cha jirani, alikuwa na maoni tofauti.

“Dada, tumlilie tumalize. Hata Mungu akija atakuta sabuni imekuishia.”

“Marehemu hatoki jasho, mdogo wangu.”

“Basi anakusumbua tu. Wenzake wakichelewa hutuma salamu, yeye anatuma nguo za kufua.”

“Ndivyo alivyokuwa tangu zamani,” alisema dobi, na wote wawili wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi dobi alikwenda kwenye jengo la ghorofa tatu mwisho wa barabara, akapanga foleni dirisha namba mbili. Karani wa hapo, mwanamke wa umri wa kuwa binti yake, alifungua daftari, akateremsha kidole ukurasa mzima na kusema, “Hayupo, mama.” Dobi alimshukuru. Mara sabini na mbili walikuwa wamefanya hivyo, na walikuwa wamezoeana.

Alhamisi iliyofuata shati lilikutwa na rangi. Ilikuwa mabegani, pana kama kiganja, mbichi, inanuka; rangi ya mafuta, kijani kile ambacho hakuna mtu anayekipaka nyumbani kwake kwa hiari. Dobi aliitazama, kisha akatazama nje. Mwisho wa barabara, mafundi wawili walikuwa wakiingiza madebe kwenye jengo la ghorofa tatu, na suruali zao zilikuwa na kijani hichohicho.

Hakutia shati majini. Alilikunja ndani kwa ndani, akaomba ruhusa kwa tajiri, akaenda.

“Shikamoo, mama,” alisema karani. “Leo si Jumatatu.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja na shati.”

Karani alivaa miwani, akainusa ile rangi, akaikwaruza kwa ukucha. “Ni yetu hii,” alisema. “Ya korido ya chini. Wameipaka jana jioni. Hata mimi imenichafua.” Akainua mguu kumwonyesha kiatu.

“Basi mwanangu yuko chini.”

“Rangi ndiyo iko chini, mama.” Alifungua daftari, akateremsha kidole mpaka mwisho wa ukurasa, bila kuharakisha. “Mtu hayupo.”

“Na aliyeegemea ukuta?”

“Ukuta hauna daftari.” Karani alitazama nyuma yake, akashusha sauti. “Mkuu yuko kikaoni. Mimi nafungua jalada sasa hivi. Kesho saa tatu lete shati kama lilivyo, aione rangi kwa macho yake. Akishaiona, itambidi aandike kitu. Umesikia? Kama lilivyo.”

Nyumbani mdogo wake alilipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Alilitandaza kitandani, akalizungushia magazeti, akaketi karibu nalo alilinde.

“Miaka sita, dada,” alisema. “Miaka sita hatuna hata uzi wa kuwaonyesha. Leo wamejiandika wenyewe mgongoni mwake.”

Dobi alikuwa amesimama mlangoni. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani. “Na akija jioni hii?” aliuliza.

“Nani?”

“Akija kabla ya kesho saa tatu. Atavaa nini?”

“Atavaa fulana!”

“Sikumwahidi Mungu fulana.”

Mdogo wake alisimama. “Huo ni ushahidi, dada! Ukiufua umewafulia wao!”

“Sikuambiwa nishike ushahidi,” alisema dobi kwa upole, kama anayeomba radhi. “Niliambiwa niweke tayari.”

“Basi fua,” alisema mdogo wake huku machozi yakimtoka. “Ufue na jina lake kabisa.” Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Dobi alichukua pamba na mafuta ya taa. Rangi ilitoka mara ya tatu. Aliposuuza alifikiri kuwa pengine amekosea, na alilifikiri jambo hilo kwa muda mrefu, mikono ikiwa majini, lakini hakuacha kusuuza. Alfajiri shati lilikuwa kwenye henga, limenyooka. Kijana hakuwa amekuja.

Saa tatu mkuu wa ofisi aliligeuzageuza shati chini ya taa.

“Rangi iko wapi?”

“Nimeitoa, mzee.”

“Yote?”

“Yote.”

Mkuu alilipitishia kidole mabegani. “Kazi nzuri,” alisema, maana hakuwa mtu wa kumnyima mtu sifa yake. Kisha akakunja uso, kwa kuwa jalada lilikuwa limekwisha kufunguliwa na jalada haliwezi kukaa tupu. Aliandika: Kielelezo, shati moja, safi, limepigwa pasi. Akaamuru lipelekwe stoo, na stoo ilikuwa chini.

Dobi alirudi nyumbani mikono haina pa kukaa. Wiki ile henga ilikuwa tupu, na hakujua kama mwanawe amekula, wala amelalia ubavu gani. Mdogo wake hakumsemesha. Dobi aliendelea kutandika kitanda na kuosha kikombe. Aliomba, na hakuambiwa kitu.

Alhamisi karani alikuja dukani saa ya chakula cha mchana, kiatu chake bado kina kijani.

“Mama, kielelezo kimechafuka.”

“Kola?”

“Kola na kwapa. Sasa, kanuni inasema kielelezo kitunzwe kama kilivyopokelewa. Na sisi tumekipokea kisafi. Mkuu ameuliza kama unaweza.”

Dobi alivua aproni.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, alipewa benchi kwenye ukumbi wa ofisi, karibu na ngazi za kushukia chini. Alifua kwenye bomba la uani, akaanika dirishani, akapiga pasi juu ya meza ya fomu. Karani alichomoa birika la chai ili pasi ipate umeme. Watu wa foleni walimpisha. Mzee mmoja alimwomba ampigie na kofia yake, akampigia. Mkuu akipita alitazama saa, akaridhika.

Alhamisi ya tatu mdogo wake aliingia bila kubisha wala kusalimu, akaketi benchi lilelile, akashika mkono wa shati ili usiburuze sakafuni.

Alhamisi ya tano karani alipanda ngazi na shati likiwa limekunjwa kifuani. Dobi alilipokea, akaacha kiganja juu yake. Lilikuwa bado na joto.

“Ameshukuru?” aliuliza.

“Nani?”

“Mwenye shati.”

“Mama, mwenye shati hayupo. Nimekagua tena leo asubuhi.” Karani aliweka kidole kwenye daftari, akakitazama. “Ila anasema kola inambana siku hizi.”

Foleni ilisogea hatua moja. Dobi alifikiri kidogo, akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake. Kijana alikuwa amechukuliwa akiwa na shingo ya miaka ishirini.

“Nisogeze kifungo nusu kidole?”

Mdogo wake alimtazama karani. Karani alikunja mkono hewani, kama anayepima kitu alichokiona karibu, akausogeza, akausogeza tena.

“Kidole kizima,” alisema.

Dobi alikata uzi, akahamisha kifungo, akakifunga mafundo mawili. Alilipiga pasi shati, akalikunja, akalitoa kwa mikono miwili. Karani aliandika: Kielelezo, shati moja, safi. Akafunga daftari, akachomeka birika, akashuka ngazi na shati.

Dobi aligeuza benchi kidogo lielekee ngazi, na mdogo wake akasogea ampishe aketi.