Krismasi ya Růžena

Nyoka alitapika siku ya tatu baada ya mkesha wa Krismasi, na aliyemtapisha ni mimi. Naanza na hilo asije mtu akamsingizia nyoka.

Anaitwa Růžena. Ni chatu jike wa miaka kumi na tisa, mnene kama mkono wangu, na mume wangu Otakar alimpa jina la shangazi yake mmoja aliyekuwa hapendi kusalimiwa. Siku alipomleta hapa kwetu mjini Brno, ghorofa ya sita, nilimwambia achague, nyoka au mimi. Akacheka, akabaki na sisi sote wawili. Miaka yote hiyo nyoka sikumgusa. Halafu Otakar akaugua saratani ya tumbo, Machi akafa, na maneno yake ya mwisho kwangu hayakuwa ya mapenzi hata kidogo.

"Vlasta, daftari liko juu ya kizimba. Fuata daftari. Usije ukamuua Růžena kwa huruma zako."

Nikalifuata. Kila Jumapili nampima uzito. Kila baada ya wiki tatu namtolea panya mmoja kwenye friza, mfuko wenye utepe wa bluu, asiyezidi unene wa Růžena mwenyewe pale kiunoni. Panya analala kwenye friji hadi barafu iishe, anawekwa kwenye maji ya moto hadi awe na joto la kiumbe hai, anashikwa kwa koleo. Nyoka akishakula, siku mbili haguswi. Nilikuwa mwanafunzi mzuri hadi Novemba, alipoanza kukataa. Alikataa mara tatu. Daftari likasema, "Majira ya baridi hukataa. Mwache." Mwache! Mimi, ambaye hata msoma mita haondoki kwangu bila supu!

Na ilikuwa Krismasi. Kwetu, jioni ya mkesha kila mwenye pumzi nyumbani sharti ale. Marehemu mama yangu alikuwa akipelekea ng'ombe na kuku mabaki ya meza, hata mtofaa wa uani alikuwa akiumwagia makombo. Asiyekula jioni ile haioni nyingine. Na anayeinuka mezani wa kwanza, mwaka hauishi naye. Chekeni tu. Krismasi iliyotangulia, Otakar ndiye aliyeinuka wa kwanza.

Nilimkaangia samaki na saladi ya viazi, kama kila mwaka. Akala vijiko viwili vya saladi akaweka kijiko chini.

"Nimeshiba, Vlasta."

"Umeshiba nini? Vijiko viwili mtu anashiba?"

"Niruhusu niinuke, mke wangu."

"Huinuki! Utakula, na tutainuka pamoja."

Nikachukua kijiko nikamlisha mwenyewe. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso, naye akifungua mdomo kwa sababu yangu tu. Mwishowe akainuka mbio kwenda chooni, na mimi nikabaki nimekaa, nimemkasirikia. Hadi siku ya mazishi nilikuwa bado nimemkasirikia.

Basi mwaka huu niko peke yangu na yule nyoka hajala tangu Oktoba, mnategemea nini? Nikatoa panya kwenye mfuko wa utepe mwekundu. Wale ni wakubwa, walinunuliwa kwa ajili ya nyoka mwingine, jitu zima, ambaye Otakar alishamgawa. Nikajiambia sikukuu ni sikukuu. Nikamtikisa panya mbele ya kizimba karibu saa nzima, namsihi kabisa, "Kula, mama, kula kidogo." Akamdaka. Taya zikapanuka hadi nikaogopa, lakini akammeza wote, na mimi nikalia kwa furaha. Kisha nikafanya lililo baya zaidi. Nikamtoa nikamweka kwenye kiti cha Otakar, ili tuwe wawili mezani.

Siku ya tatu harufu ndiyo iliyoniamsha. Nikampigia Lubor, rafiki wa Otakar kutoka chama chao cha wafuga nyoka. Akaja na viatu vyenye theluji hadi kwenye zulia langu, akapiga magoti, akaangalia kilichotapikwa.

"Shemeji, huyu umemtoa mfuko gani?"

"Mwekundu."

"Mwekundu! Ungempa na kiti kabisa, atafunetafune."

Nilidhani anatania, hadi nilipouona uso wake. Alimpapasa Růžena tumbo polepole sana.

"Koo na tumbo vimeungua kwa asidi ya kutapika. Akitapika tena simwoni akipona, nakwambia ukweli. Wiki tatu usimpe kitu, maji tu. Baada ya hapo panya mdogo, nusu ya kawaida yake."

"Wiki tatu! Si atakufa kwa njaa?"

"Njaa haimuui huyu. Utamuua wewe. Daftari unalisoma?"

"Nalisoma!"

"Soma Krismasi ya mwaka juzi basi, tuone."

"Ya mwaka juzi ya nini? Soma ya mwaka jana," nikamjibu, nikafungua mwenyewe. Tarehe ishirini na nne Desemba, mwandiko wa Otakar, unatetemeka: "Gramu 1,640. Amekataa. Si mgonjwa, hataki tu. Nimemwacha."

Aliandika mchana. Jioni yake mimi nikamshikia kijiko. Lubor alikuwa anasema kitu kuhusu joto la kizimba, sikumsikia.

Wiki tatu zile sizitamani tena. Gramu 1,610, halafu 1,560, halafu 1,520. Nilikuwa napika supu nisiyoinywa. Wiki ya tatu ilipoisha nikampasha moto panya mdogo, nikamnyooshea kwa koleo. Růžena akageuza kichwa. Mkono wangu ukaanza kumtikisa panya wenyewe, mkono huu umezoea ubishi. Dakika ishirini, ndivyo daftari linavyosema, kisha ondoa. Nikatazama saa. Zilipotimia nikamwondoa.

"Haya," nikamwambia. "Inuka."

Nikafunga kioo, nikaenda jikoni nikaangua kilio hadi jirani akagonga ukuta.

Siku kumi baadaye alikula. Panya mdogo, mara moja, bila kusihiwa. Alipommaliza akanyanyua kichwa akawa anatafuta tafuta, ulimi nje, na pale jikoni kwenye maji ya moto nilikuwa na panya wa pili. Nilimwandaa kwa mazoea tu, naapa. Lubor akapiga simu.

"Amekula?"

"Amekula."

"Umemwongezea, shemeji? Nakujua wewe."

"Sijamwongezea," nikasema, na panya wa pili nikamtupa kwenye pipa huku nikimsikiliza Lubor anavyoshangaa.

Wiki nzima nilikuwa naamka nanusa hewa. Hakutapika. Jumapili nikampima, nikaandika: "Gramu 1,530. Hakutapika. Sikumwongezea."

Kisha nikafunua kurasa kurudi hadi ile Krismasi, na chini ya mwandiko wa mume wangu palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Nikaandika: "Otakar. Vijiko viwili. Alikuwa ameshiba. Sikumwacha."