Mgeni Hakuponya Mtu

Usiku wa jana niliota nimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, naelea juu ya tangi la samaki la kliniki ya meno ninapofanya kazi. Mfuko ulikuwa na maji nusu na hewa nusu, kama inavyotakiwa samaki anaposafirishwa. Nilikuwa nimevaa sare, na viatu nimevivua, nimevishika mkononi kwa adabu.

Lazima kwanza niseme yaliyotokea mchana. Tangi letu lina miaka sita. Liko Dodoma, mbali na bahari, kwa hiyo maji ya chumvi tunayakoroga wenyewe kwenye pipa. Mtunzaji ni mimi; nina stashahada ya ufugaji wa samaki. Jana Daktari Nyamizi, mwenye kliniki, alileta samaki mpya wa manjano akanikabidhi mbele ya wagonjwa.

"Siku, mwingize tumwone."

Jina langu ni Sikudhani, ila kazini wananiita Siku. Kanuni naijua: samaki mgeni hukaa karantini, kwenye tangi lake peke yake, siku thelathini, asije akawaambukiza wenyeji. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Watu kumi na mmoja wakanitazama. Nikasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikammimina pamoja na maji yake.

Wote walicheka. Daktari akasema, "Kumbe Siku una maneno!" Nilifurahi, na kufurahi huko ndiko kunakonichoma. Wakati wa kufunga niliona kidoa kimoja cheupe kwenye pezi la mgeni, kama punje ya chumvi. Nilizima taa ya tangi nikaenda nyumbani.

Basi, naelea. Kamba mmoja wa humo tangini anakuja na daftari. Ni yule anayewasafisha wenzake meno.

"Hodi hupigi?"

"Hodi."

"Karibu. Subiri dakika kumi na tano uzoee joto la maji."

Tunasubiri dakika kumi na tano kamili.

Mfuko unafunguliwa, na ndani ya tangi ni chumba chetu cha kusubiria. Viti vimepangwa upya, kama tunavyopanga mawe ya tangi akija samaki mgeni, ili wenyeji wasahau mipaka yao. Wamesahau kweli. Hakuna anayejua kiti chake ni kipi, wote wamesimama kwenye foleni.

Mbele yupo samaki wa buluu, mzee kuliko wote tangini. Anakohoa.

"Shikamoo, babu," nasema.

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia mgeni amekuja, tutapona. Tumepanga foleni tangu saa tisa. Mimi ni kifua."

"Mimi jicho la kushoto," anasema wa nyuma yake.

"Mimi siumwi," anasema kaa. "Nimekuja kwa sababu ni bure."

"Haya, mgeni yuko wapi atuponye?" anauliza mzee.

Mgeni yuko chini ya kiti, amejikunja. Punje nyeupe zimemjaa mpaka kwenye kope. Samaki hawana kope, ila huyu anazo.

"Mimi nilitaka chumba cha peke yangu tu," ananiambia taratibu. "Wala si kikubwa."

Nataka kuingia chini ya kiti pamoja naye. Hakuna nafasi.

"Ile ilikuwa methali tu, babu," nasema.

"Methali ndiyo nini?" anauliza kaa.

"Ni maneno ambayo huyu dada husema akiona haya kusema mengine," anajibu kamba, anaandika.

Foleni nzima inanitazama. Nawahesabu. Kumi na mmoja.

"Kanuni yenyewe inasemaje?" anauliza mzee.

Nafungua mdomo. Yanatoka mapovu.

Kamba anafunua daftari. "Kanuni inasema Siku thelathini. Hapa namwona Siku mmoja."

Nageuka. Nyuma yangu wamesimama wengine ishirini na tisa, wote mimi, wote wameshika viatu. Kila mmoja anaangalia sakafu akingoja wa jirani yake aanze. Nawafahamu. Hakuna atakayeanza.

Punje moja inang'oka kwenye mgongo wa mgeni. Inaelea polepole, inapita juu ya kaa, inatua kwenye paji la uso la mzee. Anaigusa kwa pezi.

"Huku ndiko kupona?" ananiuliza.

Hanikejeli. Anauliza kweli. Ananyoosha shingo apate na nyingine.

"Hapana, babu," nasema, lakini ni mapovu.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Masikio yangu yamezeeka." Anakohoa.

"Mtoeni mgeni!" nasema. "Anaumwa, na atawaambukiza wote. Alitakiwa kukaa karantini siku thelathini. Nilijua. Nilikuwa najua kabla sijafungua mfuko!"

Siku wote thelathini tunaanza kulia. Kamba anatumbukiza kipimo majini, anakisoma.

"Chumvi imezidi," anasema. "Acheni."

Tunaacha.

Niliamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu iko chini ya shavu langu. Kulikuwa na ujumbe wa Daktari Nyamizi.

"Siku, nimeusikiliza huo ujumbe wako wa sauti mara tatu. Mwanzo ni mapovu matupu, lakini mwisho nimekuelewa. Nimewahi kliniki, mgeni nimemhamishia tangi dogo. Kumbe ana vidoa kweli. Mbona hukuniambia jana, mama? Ningekusikiliza. Njoo mapema uwaangalie hawa waliobaki. Halafu, samahani, sikuchunguzi, wewe ni mtu mzima: huyo mzee anayekohoa humo chumbani kwako ni nani?"

Naishi peke yangu. Nimeandika jibu mara nne, na mara nne nimelifuta.