Saba ya Baba

Mshona mapazia alikuwa na vyuma vya kupigia gofu vya namba saba vya kutosha kuzungushia nyumba yake uzio, na bado ukimuuliza angekwambia hana saba. Vilijaa nyuma ya mlango, chini ya meza ya cherehani na katikati ya marobota ya vitambaa. Mteja akija kuagiza pazia la sebuleni, alianza kwa kujikwaa. Vyote vilikuwa vikuukuu, vimekwisha kutumiwa na watu asiowajua, na vyote, kwa maoni yake, takataka. Kimoja kilikuwa kizito mno. Kingine mpini wake ulikatwa na mtu mfupi. Kingine alikinunua kwa furaha, akakifikisha nyumbani, akakishika vizuri, ndipo akagundua ni cha mtu wa mkono wa kushoto. Siku hiyo hakushona kitu. Alikaa akakitazama kwa hasira mpaka njaa ikamwinua.

Saba aliyoitaka ilikuwa kwa kaka yake, mtaa wa pili tu, na kaka yake hakutaka kuitoa. Hapo ndipo penye kisa, na nawaambia mapema kwamba ni kisa cha kuudhi.

Baba yao alikuwa mkata nyasi wa uwanja wa gofu. Mchezaji mmoja aliyehama alimwachia vyuma vyake, kuanzia namba tatu mpaka tisa, pamoja na kimoja cha kutolea mpira mchangani na fimbo ya kuusukumia shimoni. Vilikuwa vyembamba, vya kufuliwa, si hivi vya siku hizi vyenye matumbo. Siku wenye uwanja walipopumzika, baba aliwachukua wanawe wote wawili akawafundisha. Kila namba ina kazi yake, alisema: ndogo hupeleka mpira mbali, kubwa huunyanyua juu na kuuangusha karibu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa saba. Aliipiga miaka nenda miaka rudi, mpaka katikati ya uso wa kile chuma pakalika doa la ukubwa wa kifungo cha koti, maana mpira uligonga palepale kila mara.

Mzee alipofariki, baba mdogo ndiye aliyegawa urithi. Baba mdogo hajawahi kukanyaga uwanja wa gofu. Marehemu alikuwa ameacha neno kwamba watoto wagawiwe sawasawa, basi yeye akavipanga vile vyuma juu ya zulia kama anayegawa sahani, akakohoa, akatangaza: witiri kwa kaka, shufwa kwa dada. Tatu, tano, saba na tisa zikaenda kule. Nne, sita, nane na cha mchangani vikabaki huku. Ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni akaichukua mwenyewe iwe ahsante ya kazi, na hadi leo anazimia nayo taa bila kuinuka kitandani. Haki bin haki. Hata hakimu asingepata pa kuikosoa hukumu ile, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kucheza.

Ungedhani ndugu wawili wenye akili timamu wangeviunganisha kesho yake asubuhi. Thubutu.

"Leta vyako," kaka alisema. "Mimi ndiye mkubwa."

"Leta vyako wewe," dada akajibu. "Mimi ndiye niliyemuuguza."

Basi. Wakaingia uwanjani kila mtu na nusu yake. Kaka, ambaye ni fundi friji, akifika mahali panapotaka nane alichukua tisa, akaipiga kwa nguvu zote alizojaliwa, na mpira ukaingia bwawani. Dada, panapotaka saba, alichukua sita, na mpira ukapita shimo, ukapita nyasi, ukaishia vichakani kwa nyoka. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hebu nenda kamwambie mtu mkaidi. Badala ya kuombana, kila mmoja akaanza kusaka kwenye vyuma chakavu namba alizozikosa.

Aliyenenepa ni muuza chakavu. Wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime, na yule bwana alilima kwelikweli.

"Kaka yako kapita hapa asubuhi," alimwambia mshona mapazia. "Kaondoka na nane."

"Ilimfaa?"

"Alivyoishika niliona haikumfaa. Lakini kachukua."

"Mjinga yule," dada akasema, kisha akalipia saba isiyomfaa.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka wazeeke, ila siku moja wifi yake, yaani mke wa kaka, alikuja na pazia la kupunguzwa. Alilikunjua mezani, akalikunja tena, akasema mtoto wao aliyeko ng'ambo amewaita wakaishi naye. Wanaondoka Jumamosi.

"Mnarudi lini?"

Wifi alikuwa analaza pembe ya pazia kwa kiganja. "Mwanangu anasema nyumba yake ni kubwa," alijibu, na hilo halikuwa jibu.

Mshona mapazia alipandwa na hasira. Kwanza kwa sababu kaka alimtuma mke wake kuja kusema. Pili kwa sababu saba ya baba ilikuwa inapanda ndege. Kulikuwa na la tatu, lakini lile hakuligusa, maana hasira za saba zilikuwa rahisi zaidi. Alitupa mkasi mezani akaenda karakana ya friji na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Kaka alikuwa kaingiza kichwa ndani ya friji bovu.

"Nasikia unahama."

"Nani kakwambia?"

"Mkeo. Ulitaka niambiwe na rubani?"

"Nilikuwa nakuja." Sauti ilitoka ndani ya friji kama ya mtu aliyefungiwa. "Sikiliza, dada. Leta vyako niondoke na seti nzima. Huko viwanja viko kila mahali."

"Yaani baba mzima aondoke. Mimi nibaki na nini?"

"Si ununue vingine."

"Nimenunua! Wateja wangu wanavunjika miguu."

"Hata mimi nimenunua," kaka akasema polepole, na akatoa kichwa. Nyuma yake, kati ya friji mbili, dada aliona rundo la vyuma vya namba nane, vyote vikuukuu, vyote vibovu. Ilibaki kidogo acheke. Akajizuia, maana ukicheka mbele ya kaka yule ataiweka kwenye hesabu ya ushindi wake.

"Niachie saba tu. Hizo nyingine nenda nazo."

"Nikiacha saba nitakuwa na pengo."

"Una mapengo tayari."

"Ndiyo maana sitaki lingine," alisema, akarudisha kichwa kwenye friji.

Mtu wa namna hiyo umfanye nini? Dada alirudi nyumbani akashona pindo likaenda upande, akalifumua, akalishona, likaenda upande tena. Hapo ndipo lile la tatu lilipomkamata. Aliwajua watu wanaokwenda ng'ambo. Mwanzoni hupiga simu kila wiki. Baadaye hupiga palipo na msiba. Baadaye wake zao ndio hupiga. Hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja, na pamoja na ubishi wake wote, alimpenda kaka yake mpaka ikamkera.

Jumamosi asubuhi aliamka ameamua. Kaka aende navyo vyote. Angalau kila akifungua mkoba atamkumbuka dada yake, hata kama ni kwa kumsema. Alizifuta nne, sita, nane na kile cha mchangani, akazifunga kwenye kipande cha pazia la maua, akaenda. Wifi ndiye aliyefungua mlango. Masanduku yalikuwa yamepangwa ukumbini.

"Kaka yako katoka," wifi alisema. "Ana shughuli yake."

"Afadhali. Usimwambie kitu. Vitie kwenye mzigo mkubwa, avione akifika."

Wifi alilitazama lile furushi refu. Akafungua mdomo, akaufunga. Midomo ikamtetemeka. "Sawa, wifi," alisema, na mshona mapazia, akidhani mwenzake anataka kulia, alimkumbatia haraka akakimbia kabla hajaanza yeye. Kumsubiri kaka hakutaka. Angelia mbele yake, na angejuta.

Alizunguka mitaani mpaka saa ya ndege ikapita, na alipofika kwake alikuta mlango umerudishiwa tu, na juu ya meza ya cherehani kuna kitu kirefu kimeviringishwa blanketi na kufungwa kwa ule mpira wa mlango wa friji. Hakuhitaji kukifungua ajue. Alikifungua hata hivyo. Tatu. Tano. Saba. Tisa. Akaweka kidole gumba kwenye lile doa la kifungo, kikaingia sawasawa. Alipiga simu ya kaka, imezimwa. Akapiga ya wifi, imezimwa. Akakaa kwenye kiti chake akalia, na katikati ya kulia akamtukana kaka yake, akajitukana na yeye, akamalizia na baba mdogo.

Simu ililia kesho yake.

"Wewe mwanamke una wazimu?" kaka alisema, hata salamu hakuna. "Nani alikutuma?"

"Na wewe nani alikutuma?"

"Sasa nina nne, sita, nane na kile cha mchangani. Nifanye nazo nini?"

"Ulikuwa unazililia. Cheza nazo."

"Na mke wangu alijua! Tangu mlangoni alijua!"

Kukawa na vuta nikuvute, kisha ikaja sauti ya wifi. "Ningewaambia mngeanza kubishana, tukaachwa na ndege." Akashusha sauti. "Tena wifi, nilimwomba huyu akate tiketi ya kurudi. Akaniuliza, ya nini. Sasa mpe sababu."

Kaka aliirudisha simu sikioni. "Haya, zitume hizo."

"Situmi."

"Basi nitatuma hizi."

"Ukizituma sizipokei. Vyuma vya baba havitumwi kama vipuri vya friji. Njoo uchukue."

Dada aliishikilia simu kwa mikono miwili.

"Ni mbali huku," kaka alisema. Sauti ilikuwa imepungua.

"Najua ni mbali."

"Nikija tunaviunganisha. Na vinakaa kwangu."

"Vinakaa kwangu."

"Tutabishana nikifika."

"Lini?" dada aliuliza. Lilikuwa swali lilelile alilomuuliza wifi siku ile ya pazia, na safari hii alitaka jibu.

"Mwakani," kaka akasema. "Mvua zikikatika."

Dada hakubisha.