Nilivyomlisha Abu Yazan

Mimi mtu wa kulisha watu. Nimekulia Unguja miaka ile ya foleni za chakula, tukiamkia muhogo na kulalia muhogo, na siku ukikosekana, mama akitusimulia habari zake. Nikaja Oman mikono mitupu. Nikaosha masinia ya watu Matrah, nikaendesha lori baina ya Sur na Nizwa miaka kumi na tisa, mpaka nikafungua duka langu la vipuri vya magari hapa Ibra. Tangu hapo, mgeni akiinuka kwangu na njaa naona kanitukana. Watu wananijua. "Ukenda kwa Marhoun," husema, "usile tangu jana yake."

Ijumaa ile niliita watu ishirini na mbili baada ya sala, kwa ajili ya jirani yangu Muntasir. Ni Mpalestina, mwalimu wa fizikia, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na sote twamwita Abu Yazan, kwa jina la mwanawe. Huyo Yazan alikuwa mwezi wa kumi na moja gerezani kule kwao, hana mashtaka wala hukumu. Karatasi ya kumweka ndani miezi sita ilipomalizika aliandikiwa nyengine. Mwisho akagoma kula. Ijumaa ile ilikuwa siku yake ya thelathini na moja, na kila aliyekaa kwenye sebule yangu akilijua hilo.

Abu Yazan alikuja na barua za kupeleka kwa mashirika ya haki za binadamu: wafungwa waliowekwa bila ya kesi wapelekewe daktari, wafikishwe mahakamani au waachiwe. Alitaka sahihi zetu. Mimi nilimwambia njoo, watu nitakukusanyia, na mtu aliyeshiba hutia sahihi chochote.

Masinia yakaja. Watu wakasogea, watano watano. Yeye akabaki ukutani na kikombe cha maji, barua zake gotini.

"Abu Yazan, sogea."

"Nimeshiba, Abu Tamim. Mungu akuzidishie."

"Umeshiba nini, hewa? Mwanao hali, na wewe huli, sasa kelele atapiga nani?"

Watu wakacheka. Yeye akatabasamu, akatia mdomo kwenye kikombe. Wadhah, tuliyeendesha naye lori, akaninong'oneza, "Mwache mtu, bwana." Mimi nikishaanza siachi.

"Basi hapana sahihi! Jamani, asiye na tonge hana kalamu!"

Wakacheka zaidi. Akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipofanya ule mchezo wa wazee wetu, wa kumbana mgeni kwa kiapo. Nikapiga paja: "Alayya t-talaq! Mke wangu Kuruthum ameachika leo hii ukitoka hapa hujala!"

Abu Yazan akanitazama, akazitazama barua zake. Akaziweka chini, akasogea, akasema bismillahi. Akala tonge tatu. Nami, baba wa ukarimu, nikimsukumia minofu.

"Haya, leteni kalamu!"

Wote wakatia sahihi. Yeye akenda kunawa, akakawia. "Abu Yazan," nikamwita, "umeoga huko?" Watu hoi. Akarudi uso umerowa, macho mekundu, akakusanya barua zake na kumshukuru kila mtu kwa jina lake.

Wageni walipokwisha kutoka, mke wangu Kuruthum akaja akasimama mlangoni.

"Baba Tamim, mimi bado mkeo?"

"Alhamdulillahi. Kala."

"Laiti asingekula." Hakucheka. "Shatha, mkewe Abu Yazan, alikuwa na mimi jikoni. Mumewe siku ya saba leo, maji na chumvi tu. Kampelekea mwanawe ahadi kwa wakili: sili mpaka ule. Tumekusikia kutoka kule. Mwenzangu kaanguka kitako na bakuli mkononi."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimpa nafasi? Ukaichukua ndoa yangu ya miaka thalathini na nne, ukaitia kwenye sinia. Na yule mtu akaiokoa. Nimempelekea ndoo chooni mimi, katapika mpaka maji."



Alasiri nikenda kwa Abu Yazan. Njiani, nyumba tatu tu, nilikuwa nikitafuta mzaha wa kuingilia. Shatha akanifungulia, hakusema karibu, akaondoka mlangoni tu nipite. Abu Yazan kalala kwenye kochi, kitambaa kichwani.

"Ungenambia," nikasema.

"Mbele ya watu ishirini? Ingekuwa najitangaza. Kile ni baina yangu na mwanangu."

"Ungekataa."

"Uliapa talaka. Na barua zilikuwa hazina hata jina moja." Akajinyanyua kidogo. "Nikahesabu haraka. Nikaona ahadi yangu ndiyo nyepesi."

"Nitafunga mimi badala yako. Siku saba. Kumi."

"Marhoun, hilo nalo usilichukue."

Halafu nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu garini, naongeza sauti ya redio. Nikasema, "Basi usimwambie. Tonge tatu, na umezitapika. Atajua nani?"

Abu Yazan hakupandisha sauti.

"Kule gerezani kila siku askari wanamwambia, wenzako wameshakula, baba yako kakusahau. Kila siku. Yeye anawajibu kwamba baba yangu hanidanganyi. Sasa nimdanganye mimi?"

Akachukua simu, akampigia wakili, mwanamke mmoja mwenye sauti ya haraka ambaye Jumapili angeruhusiwa kumwona Yazan. Akamweleza: leo mchana nimekula, sasa naanza tena. Wakili akauliza ilikuwaje. Abu Yazan akaninyooshea simu.

"Sema wewe."

Kiarabu changu cha gengeni, nikikisema kwa Wapalestina hucheka, nami hukitilia chumvi wacheke zaidi. Siku ile nilikisema pole pole, kama mtoto wa chuoni anayejifunza herufi. Mimi ndiye niliyemlisha. Nilimwapia talaka ya mke wangu. Nilizuia sahihi mpaka ale. Wote walicheka na mimi ndiye niliyewachekesha.

"Jina lako kamili?" akauliza wakili.

Nikatamani kusema jirani. Nikasema, "Marhoun bin Nadhir." Nikamsikia akiandika.

Jumatatu asubuhi Abu Yazan akaja dukani, anatembea kama mtu anayepita juu ya mayai. Nikamvutia kiti. Nilitaka nitukanwe yaishe.

"Wakili kamwona," akasema. "Yuko kitandani sasa, hasimami. Kamsomea yote, na jina lako."

"Kasemaje?"

"Kafumba macho. Wakili akadhani kalala. Halafu mwanangu akauliza: mlikula nini?"

Sikufahamu.

"Anataka kujua kilikuwa chakula gani. Wakili anarudi Alkhamisi, anataka jibu." Akatoa daftari la shule na kalamu. "Mimi nilimeza tu, sikuona kitu. Sema wewe."

"Mwambie... wali tu."

"Wali gani?"

"Abu Yazan, haya hayaandikiki. Mtu ana siku thelathini na nne."

"Kauliza. Usimpunje." Akafungua ukurasa. "Tangu mwanzo, ulivyopikwa. Pole pole, mkono wangu hauna nguvu."

Mteja akaingia anataka plagi za pikapu. Nikamwambia angoje nje. Niliinamisha kichwa, maana kumtazama nilishindwa, nikaanza na vitunguu.