Namba Nyuma ya Leso

Kanze binti Dzombo hakumwamini mtu aanzaye maswali kabla hajanywa maji aliyokaribishwa. Phineas Kamande, kijana wa duka moja la mashine huko Mombasa, aliharibu hapo tu. Aliingia karakana yao ya ushonaji pale Malindi, akaamkia shikamoo vizuri kabisa, akapewa kiti na kikombe cha maji. Kabla hajakiinua, akatoa daftari na kuuliza cherehani yao ilikuwa namba gani.

Kanze akamtazama viatu. Viatu vilikuwa safi mno kwa mtu aliyeshuka basi.

Mwaka ule wa 1988, yeye na mwenzake Monicah walikuwa wamepata cherehani ya kutarizi inayoongozwa na kompyuta, pamoja na kompyuta yenyewe, vyote vimetumika, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kanze aliuza shamba lake la minazi la Sabaki ili vitu hivyo vije. Mzungu akaondoka na programu yake, na bila programu ile kompyuta ikawa pambo la kuwekea vitambaa. Na hoteli moja ya Watamu ilikuwa tayari imewaletea mashati ya wahudumu, kila moja litiwe picha ya kasa juu ya mfuko, kabla ya wageni wa Desemba. Wakishindwa, kazi ingepelekwa Mombasa, na Kanze angebaki hana shamba wala kazi.

Phineas, aliyeitwa awauzie programu nyingine, alieleza taratibu, mikono juu ya magoti. Programu haichaguliwi kwa uzuri wa picha zake, alisema. Kwanza disketi iingie kwenye kompyuta na kompyuta iweze kuisoma. Pili, programu iijue cherehani yenyewe, maana kila aina ina vipimo vyake, na ukiipa vipimo vya mwenzake itashona upuuzi.

Monicah, mzaliwa wa Nyeri, alimwamini kila mwanamume aliyevaa tai. Akamwaga yote: jina la kompyuta, umri wake, hata upana wa mdomo wa kuingizia disketi akaupima kwa tepu ya fundi. Kanze alimkanyaga mguu chini ya meza. Monicah akasogeza mguu na kuendelea.

Ikabaki namba ya aina ya cherehani, na hiyo aliijua Kanze peke yake. Iliandikwa kwenye kibati kidogo nyuma, naye alikuwa amekifunika kwa leso tangu siku ya kwanza. Kulikuwa na fundi wa mtaa wa Kisumu Ndogo aliyeibiwa cherehani wiki moja tu baada ya mgeni mwenye daftari kuandika namba yake. Nani angeapa kwamba daftari si hili? Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni jambo moja, lakini huyu alitaka kwanza kujua zizi liko wapi.

Marehemu Dzombo, babake, aliwafundisha hivyo watoto wote. Mgeni akiuliza una mbuzi wangapi, mmoja umwache. Una watoto wangapi, mmoja umwache. Jicho baya likikosa hesabu kamili, halina pa kushika. Hata karani wa serikali aliyekuja kuhesabu watu aliondoka ameandika kwamba Dzombo ana watoto sita, na wa saba akiwa amesimama palepale mlangoni akilamba embe.

Kanze akaenda nyuma ya cherehani, akainua leso kidogo, akasoma mia nne na kumi na sita.

"Mia nne na kumi na tano," akasema.

Phineas akaandika. Kwa bahati mbaya, cherehani ya mia nne na kumi na tano nayo ilikuwepo duniani, na programu yake.

Baada ya siku tisa alirudi na disketi. Kompyuta ikaimeza bila ubishi, na punde kasa wa kijani akatokea kwenye kioo, magamba na yote. Monicah akapiga makofi. Kanze hakupiga, alisimama karibu na mlango, kama atakayemzuia mtu kukimbia.

Wakabana kitambaa cha majaribio kwenye fremu. Cherehani ikanguruma, ikashona mguu mmoja wa nyuma, kisha ikaondoka na sindano kama iliyopagawa, ikavuka kitambaa na kugonga chuma cha fremu. Sindano ikakatika na kipande kikaruka mpaka dirishani.

Basi Kanze akapata raha yake. Ilikuwa raha mbaya lakini ilikuwa tamu, na aliinywa yote. Akamwambia Monicah kwamba alisema tangu mwanzo, akamwambia Phineas kwamba wanawake wa Malindi si wajinga wa kuuziwa takataka na watu wa viatu safi. Kijana akafungua daftari, akasoma, akapindua ukurasa, akasoma tena. Jasho lilimtoka. Akaomba aone kibati. Kanze akajipanga mbele ya leso, akauliza alichotaka kuona sasa ni nini, wakati uharibifu ameshaufanya.

Phineas akafunga daftari polepole.

"Labda nilisikia vibaya, mama," akasema. "Nisamehe. Nitawaambia dukani kosa ni langu."

Raha ikamkauka Kanze kinywani. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa ujanja, hata kwa matusi. Hakujiandaa kwa mtu atakayeubeba uongo wake na kuuita wa kwake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Na angeweza kunyamaza. Kijana angepanda basi, na mashati yangebaki bila kasa.

Akaivuta leso mwenyewe.

"Soma," akasema. "Nilikupunguzia moja."

Phineas akainama, akasoma, akakaa kitako. Hakucheka wala hakukasirika. Alisema programu ya mia nne na kumi na sita walikuwa nayo moja tu dukani, naye mwenyewe aliipeleka kwa fundi mmoja wa Kilifi wiki iliyopita. Disketi hizo hazikubali kunakiliwa, na nyingine ingetoka ng'ambo, na isingefika kabla ya Januari.

Kisha Phineas akasema kwamba fundi yule ana cherehani kama hii hii, na ni mtu muungwana. Akipelekewa mashati leo, angeweza kuyashona kwa siku nne, nao wagawane malipo ya hoteli. Yeye mwenyewe angepita Kilifi, angeyabeba.

Mashati ya hoteli, mapya, ndani ya begi la mgeni. Kanze akatazama vile viatu tena. Roho yote ilimwambia hapana.

"Mashati ni mangapi, mama?" Phineas akauliza, kalamu mkononi.

Kanze akayavuta mezani. Akaanza kuyahesabu mbele yake kwa sauti, moja baada ya jingine, kama ambavyo hakuna mtoto wa Dzombo aliyewahi kuhesabu chochote mbele ya mgeni. Alipofika hamsini na tisa ulimi ukasita, na Monicah akamtazama.

"Sitini," akasema Kanze, akamkabidhi.