Nyimbo Tisa Kutoka Nyuma

Mutu asinidanganye kwamba muziki ni kelele tu ya kuuzia bia. Mimi Perpétue, mushonaji wa Mabanga, miaka arobaini na sita, nilipenda albamu moja kama musichana wa shule, na sioni haya kusema.

Aliyeimba ni Bénita, mutoto wa hapa hapa Goma. Nyimbo tisa. Aliyenipa ni Vanessa, mwenye kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye kadi za simu na za radio. Nilikuwa nimemushonea robe ya ndoa ya dada yake, akaangalia nyumba yangu, akasema, "Mama Perpétue, hapa kimya imezidi. Lete hiyo radio yako nikuwekee kitu." Nikamuambia mimi si mutoto wa disko. Akacheka, akaweka.

Na kimya ilikuwa imezidi kweli. Ferdinand, bwana yangu, alikuwa dereva wa kamyo. Aliondoka asubuhi kwenda Kalengera kuchukua maharagi, na vita ikafunga barabara nyuma yake. Miaka mitatu sasa. Kamyo ilionekana upande wa Rumangabo, milango wazi. Yeye, hapana. Hatukupata mwili, hatukupata hata kiatu. Watoto hatukujaliwa. Basi siku nzima ni mimi na mashini yangu, na kasufuria kamoja nikipika leo, kesho bado ninakula.

Siku ya kwanza nilisikiliza juu juu. Siku ya tatu sindano ilinichoma kidole, kazi nilikuwa nimeisahau. Kumbe zile nyimbo tisa ni habari moja! Wa kwanza, mwanamuke anatoa koti la bwana wake, anamupa mupita njia mwenye baridi. Halafu anahesabu kamyo zinazopita. Halafu anagombana na kitanda kwa sababu ni kikubwa. Hivyo hivyo mpaka wa tisa: mvua inanyesha, mwanaume anapiga hodi, na mwanamuke anaimba, "Ingia, mulango unakungojea." Yee, mama yangu! Huo wimbo ulinimaliza. Nikaelewa mambo yote: huyu mwanamuke alikata tamaa haraka, akatoa koti, na kumbe mutu wake alikuwa njiani. Kila ukiisha, nilikuwa ninazima radio mbio mbio, isije ikaanza tena na lile koti.

Ndiyo sababu nilimupigia Donat kelele.

Donat ni mudogo wa Ferdinand. Katika familia yao, watu wa milima ya Masisi, mutu akipotea bila mwili, matanga yake ina namna yake. Mudogo wake anavaa koti la aliyepotea, anatoka nje, anapiga hodi. Bibi, muke wa aliyepotea, ndiye anafungua, na anapaswa kusema, "Mwenye koti hakurudi." Ni hayo tu. Lakini kabla hajayasema, hakuna mutu wa familia anayeruhusiwa kulia, hata mama aliyemuzaa.

Mara tatu Donat alikuja kuniomba koti, mara tatu nilimufukuza. Mara ya mwisho hakumaliza hata chai. "Shemeji," alisema, "mama anazeeka."

"Azeeke salama," nikamujibu. "Mimi bwana yangu yuko njiani."

Ubaya wa kinywa changu ninaujua, musinifundishe.

Wiki iliyopita kadi ikaharibika. Nikakimbia kwa Vanessa kama mutu anayepeleka mugonjwa. Alikuwa na albamu yote kwenye ordinateri yake, ile kompyuta ya kibanda, akaanza kuicheza, na ikaanza na hodi.

"Hapana," nikasema. "Anza na wa koti."

"Wa koti ni wa mwisho, mama."

"Wewe! Wa mwisho ni wa hodi. Hii albamu ninaijua kuliko aliyeiimba."

Akanigeuzia ekrani. Namba moja, hodi. Namba tisa, koti. Vanessa akashika mudomo. "Aka! Ni mimi. Nilizikopi kutoka chini kwenda juu, na hizo radio ndogo zinacheza ile iliyoingia kwanza. Zimekuendea kinyumenyume mwaka muzima. Lakini ni nyimbo tu, mama, si kitu."

Si kitu! Kidogo nimutupie kiti.

Nikakaa kwenye hicho kiti, nikamuambia acheze inavyotakiwa. Hodi ilikuwa ile siku walipojuana, si siku ya kurudi. Halafu wakapendana, halafu mwanaume akaenda, kitanda kikawa kikubwa, kamyo zikapita. Mwishoni ndiyo koti. Huo wimbo sikuwahi kuusikiliza mpaka mwisho kwa sababu nilikuwa ninauchukia. Anaimba, "Sijakusahau, ila huyu ndiye mwenye baridi leo." Kumbe hakuna mutu aliyerudi. Na mwanamuke hakukata tamaa, aliona tu kwamba kuna mwingine anayetetemeka mbele yake. Nililia pale kwa Vanessa, kamasi na machozi pamoja, na wateja wakinitazama. Niliona nimeibiwa. Nilimukasirikia Bénita, nikamukasirikia Vanessa, nikamukasirikia na Ferdinand. Jioni hiyo nikamupigia Donat simu, aje na mama, koti liko tayari.

Walikuja Jumamosi mchana. Mama Athanasie, mama mukwe wangu, walimuketisha kwenye kiti karibu na mashini. Miaka themanini, macho makavu, mikono ameifunga ndani ya kitenge. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka uliopita na sikujua nimusalimie vipi, nikamupa tu mukono. Donat akavaa koti, akatoka. Nje manyunyu yalikuwa yameanza.

"Hodi."

Mungu wangu! Miguu ilienda yenyewe. Neno "ingia" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikafungua, na koti ndilo lile, na kiraka cha kiwiko nilichokishona mimi mwenyewe, na mvua kwenye mabega. Uso ulikuwa wa Donat. Alikuwa anatetemeka.

"Mwenye koti hakurudi," nikasema.

Nilifikiri mimi ndiye nitalia kwanza. Kilio kilitokea nyuma yangu. Mama Athanasie alikuwa ameshuka kutoka kwenye kiti, yuko chini kwenye simenti, anaita, "Ferdinand, mutoto wangu! Ferdinand!" Miaka mitatu hakuwa amelia hata mara moja, na aliyemuzuia ni mimi. Mimi niliyesema niko peke yangu.

Nikaketi chini karibu naye. Donat akavua koti, akatufunika nalo sisi wawili, na hakuna aliyemuambia mama anyamaze.